Dozi ya Zoezi: Kuzuia Majeraha na Kurudisha Wachezaji Uwanjani kwa Timu za Mtaani Mwanza

Kuanzia Igoma hadi Pasiansi, timu za mtaani hupoteza wachezaji kwa majeraha yaleyale: enka iliyoteguka, nyama za nyuma ya paja zilizochanika, kinena kinachouma wiki nenda wiki rudi, na goti. Lawama hupewa changarawe, beki katili, au kamati ya ufundi ya wapinzani. Changarawe ina sehemu yake, lakini majeraha mengi kati ya hayo yanapungua kwa mazoezi yasiyohitaji mashine wala gym, na utafiti wake upo tangu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Yanachohitaji ni kipimo. Mtu mzima mwenye malaria hupewa vidonge 24 vya dawa mseto kwa siku 3. Akimeza 8, akajisikia nafuu na kuacha, ugonjwa unarudi na dawa ndiyo inayolaumiwa. Zoezi la kinga na zoezi la tiba hufeli kwa namna hiyohiyo: limefanywa kidogo mno, limeanzwa kwa pupa, au limeachwa siku maumivu yalipoisha.

Mwongozo huu ni kwa makocha na manahodha wa timu zisizo na daktari wala mtaalamu wa fiziotherapia pembeni mwa uwanja.

Kaunta buku kabla ya koni

Mwaka 1992 Willem van Mechelen na wenzake wa Uholanzi waliweka utaratibu ambao watafiti wa majeraha ya michezo wanaufuata mpaka leo: hesabu majeraha, tafuta yanasababishwa na nini, weka kinga, kisha hesabu tena. Timu ya mtaani inaweza kuufuata kwa kaunta buku moja. Piga mistari ya tarehe, jina, mazoezi au mechi, sehemu iliyoumia na ni mguu upi, aligongwa au aliumia peke yake, aina ya uwanja, aina ya viatu, na siku aliyorudi kufanya mazoezi yote na wenzake. Mstari huo wa mwisho ndio unaosahaulika, na ndio wenye maana kuliko yote.

Jeraha la kuandikwa ni lile lililomfanya mchezaji akose mazoezi au mechi inayofuata. Siku 1 hadi 3 ni dogo sana, 4 hadi 7 dogo, 8 hadi 28 la wastani, zaidi ya 28 kubwa. Msiandike michubuko, la sivyo daftari litajaa na mtachoka kabla ya mwezi kwisha.

Sasa hesabu saa za kucheza. Wachezaji 22 wakifanya mazoezi ya saa moja na nusu mara 4 kwa wiki, hizo ni saa 132. Mechi moja ni wachezaji 11 kwa saa moja na nusu, yaani saa 16.5. Kwa wiki mnakuwa na saa 148.5, na ndani ya wiki 7 mmepita saa 1,000. Idadi ya majeraha kwa kila saa 1,000 ndiyo lugha ya utafiti huu. Katika klabu kubwa za Ulaya, Jan Ekstrand na wenzake walihesabu misimu 7 wakapata majeraha 8 hivi kwa saa 1,000: kwenye mechi 27.5, kwenye mazoezi 4.1. Kama mazoezini kwenu watu wanaumia karibu sawa na kwenye mechi, tatizo liko kwenye ratiba ya kocha, si kwa wapinzani.

Kupasha kwa dakika 20

Kusimama duara, kugusa vidole vya miguu na kuhesabu moja mpaka kumi hakuzuii majeraha. Mwaka 2000 utafiti uliofanywa kwa askari wanafunzi 1,538 wa Australia ulilinganisha walionyoosha misuli kabla ya mazoezi na wasionyoosha. Wote waliumia karibu sawa. Mwenye kupenda kunyoosha anyooshe, ila asidhani amejikinga.

Programu iliyothibitishwa inaitwa FIFA 11+. Kwa wasichana wa Norway wenye miaka 13 hadi 17, wachezaji 1,892 kutoka klabu 125, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Anayesema huko ni Ulaya, kuna nyasi nzuri, atazame Lagos. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa vijana 416 wa ligi ya vijana ya jiji hilo, na waliofanya programu hiyo waliumia kwa asilimia 41 pungufu.

Panga jozi 6 za alama, mita 5 au 6 kati ya jozi na jozi. Tumia chupa za maji zilizotiwa mchanga kidogo. Mwanza mawe hayaishi, lakini jiwe lililowekwa kama koni ni enka inayosubiri kuteguka.

Sehemu ya kwanza ni mbio nyepesi za dakika 8, kila zoezi mara 2: kukimbia moja kwa moja, kuinua goti na kulifungua nje, kuinua goti na kulirudisha ndani, kumzunguka mwenzako, kuruka na kugusana mabega, kukimbia mbele upesi na kurudi kinyumenyume.

Sehemu ya pili ni dakika 10 na ndiyo yenye dawa. Lala kifudifudi ujiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 hadi 30, mara 3. Fanya vilevile kwa ubavu, mara 3 kila upande. Fuata zoezi la kuporomoka kwa magoti, yaani Nordic, ambalo nitalieleza chini. Kisha simama kwa mguu mmoja umeshika mpira, sekunde 30, mara 2 kila mguu. Malizia kwa kuchuchumaa na kuinuka hadi ncha za vidole, sekunde 30 mara 2, na kuruka juu na kutua, sekunde 30 mara 2.

Sehemu ya tatu ni dakika 2 za mbio: kuvuka uwanja kwa kasi ya asilimia 75 hadi 80, kurukaruka kwa hatua ndefu, na kukimbia ukikata kona kwa ghafla.

Kosa moja linafuta kazi yote: goti kutumbukia ndani wakati wa kutua au kuchuchumaa. Kocha asimame mbele ya mchezaji, si pembeni, atazame kama goti linabaki juu ya vidole vya mguu. Likiingia ndani, punguza kina cha kuchuchumaa au urefu wa kuruka mpaka likae sawa, ndipo uongeze. Kutua kwa kishindo nako ni kosa. Mchezaji atue kimya kama paka.

Dozi ni angalau mara 2 kwa wiki, msimu mzima. Timu zilizofanya mara nyingi zaidi ndizo zilizofaidi zaidi. Kisingizio cha kawaida ni giza: mazoezi yanaanza saa 10:30, na karibu saa 1 jioni jua limezama. Basi fanyeni sehemu ya kwanza na ya tatu mwanzoni, dakika 10 tu, na sehemu ya pili mwishoni hata mwanga ukiwa hafifu, kwa sababu haihitaji kuona mpira. Utafiti wa Australia wa mwaka 2019 uliihamisha sehemu ya pili hivyo, timu zikaifuata zaidi na siku zilizopotea kwa majeraha zikapungua.

Zoezi la Nordic kwa nyama za nyuma ya paja

Msuli huu huchanika zaidi pale mchezaji anapokimbia kwa kasi ya mwisho, mguu unapotupwa mbele na msuli unavuta breki huku unarefuka. Kwa hiyo lazima uimarishwe ukiwa unarefuka. Kuinua uzito peke yake hakutoshi.

Piga magoti juu ya kipande cha godoro au kandambili mbili. Mwenzako ashike visigino vyako kwa nguvu, mikono juu kidogo ya kisigino. Akikalia shavu la mguu atakuumiza. Mwili unyooke kuanzia goti hadi bega. Jiachie mbele polepole, zuia kwa nyuma ya paja kadiri unavyoweza, na utakaposhindwa tua kwa viganja, jisukume kurudi juu kwa mikono. Kazi ni kushuka, kupanda si kazi.

Huko Denmark, mwaka 2011, timu 50 zenye wachezaji 942 ziligawanywa makundi mawili. Waliofanya zoezi hili walipata majeraha 15 ya nyama za nyuma ya paja, wasiofanya 52. Dozi yao ilikuwa hii:

- Wiki ya 1: siku 1, seti 2 za mara 5
- Wiki ya 2: siku 2, seti 2 za mara 6
- Wiki ya 3: siku 3, seti 3 za mara 6 hadi 8
- Wiki ya 4: siku 3, seti 3 za mara 8 hadi 10
- Wiki ya 5 hadi ya 10: siku 3, seti ya mara 12, kisha 10, kisha 8
- Baada ya hapo: siku 1 kwa wiki, 12, 10, 8, mpaka msimu uishe

Kinachoharibika ni wiki ya kwanza. Kocha mwenye bidii anawapa watu seti 3 za mara 12 siku ya Jumatatu, Jumatano hakuna anayeweza kushuka daladala vizuri, na zoezi linapewa jina baya milele. Mara 10 kwa wiki nzima inaonekana kama mzaha, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kosa la pili ni kuvunja kiuno: makalio yakirudi nyuma, nyuma ya paja haifanyi kazi. Tena msifanye siku moja kabla ya mechi.

Kwa kinena kuna zoezi la Copenhagen. Lala ubavu, mwenzako ashike mguu wako wa juu kwenye goti na enka, kisha inua nyonga na ulete mguu wa chini ukutane na wa juu, shusha polepole. Nchini Norway, kwenye timu 35, matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41 kwa zoezi hili moja. Mwenye kinena kibovu aanze kwa kushikwa gotini tu, maana kushikwa enka kunaongeza mzigo.

Mtu ameumia: saa za mwanzo

Kichwa kwanza. Aliyegongwa kichwa akazimia hata kidogo, akachanganyikiwa, akayumba, akatapika, au akauliza swali lilelile mara mbili, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kwa mama yake. Kumwagiwa maji kichwani hakubadilishi kitu. Akilalamikia shingo, msimsogeze, subirini msaada. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, usingizi usio wa kawaida: hospitali sasa hivi, Sekou Toure au Bugando. Wengine wapumzike siku 1 hadi 2 wakifanya shughuli nyepesi za nyumbani, kisha warudi kwa ngazi: kutembea, mbio nyepesi, mazoezi bila kugusana, na kuendelea, kila ngazi angalau saa 24. Mazoezi ya kugusana yasubiri daktari.

Enka. Kuna kanuni iliyotoka Ottawa, Canada, mwaka 1992, ambayo kazi yake ni kutambua nani anahitaji eksirei na nani hahitaji. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu nne: ukingo wa nyuma wa nundu ya nje ya kifundo, sentimita 6 za mwisho hadi nchani, ukingo kama huo wa nundu ya ndani, mfupa unaotokeza ubavuni mwa wayo upande wa kidole kidogo, na mfupa wa juu ya unyayo upande wa ndani, mbele ya kifundo. Mfupa ukiuma mojawapo, au mchezaji asipoweza kupiga hatua 4 hata za kuchechemea, apelekwe akapigwe picha. Kama hakuna hata moja, kuvunjika ni nadra sana. Bonyeza mfupa, usibonyeze uvimbe laini mbele yake, maana huo unauma kwa kila mtu. Kwa watoto kuwa mwangalifu zaidi: ncha za mifupa yao bado zinakua na huvunjika pale ambapo mtu mzima angeteguka tu.

Uvimbe ufungwe bendeji ya mpira kuanzia vidole kwenda juu, ikibana bila kufa ganzi, na mguu uinuliwe juu ya kiwango cha moyo. Barafu ni ya kupunguza maumivu, haina kazi nyingine kubwa: ifunge kwenye kitambaa chenye maji, dakika 10 hadi 15, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Na sasa mchuaji. Kila mtaa una mtu wa kuchua anayeheshimika, na kuchua kuna mahali pake baadaye. Lakini maji ya moto na kukandamiza kwa nguvu ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo kunaongeza kuvuja damu ndani ya tishu. Hatari kubwa ni kwenye paja lililogongwa na goti la mpinzani. Damu iliyokusanyika ndani ya msuli wa mbele ya paja, ikichuliwa kwa nguvu, inaweza kugeuka mfupa humohumo ndani ya nyama, na mchezaji akakaa miezi. Paja kama hilo lifanyie kinyume na desturi: kunja goti mpaka kisigino kikaribie kalio, kadiri linavyokwenda bila maumivu makali, na ulifunge hivyo kwa bendeji kwa saa 24 za mwanzo, ukifungua tu vidole vikifa ganzi au kupoa. Msuli ulionyooshwa unabana damu isienee, na siku ya pili goti halitakuwa limekakamaa. Paja likizidi kuvimba na kuwa gumu kama ubao huku vidole vikipoteza hisia, hiyo ni dharura ya upasuaji.

Sindano ya dawa ya maumivu kabla ya mechi ili mtu acheze na jeraha ni namna ya kununua jeraha kubwa zaidi kwa bei nafuu. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, mwili ukiwa umeishiwa maji kwenye jua la mchana, zinaumiza tumbo na figo.

Kurudisha enka

Siku 3 za mwanzo: kanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa gongo ikibidi. Mguu ukiwa juu, andika hewani herufi A mpaka Z kwa kidole gumba cha mguu, mara 3 kwa siku. Kulala wiki nzima bila kukanyaga hakuharakishi kupona.

Siku ya 4 hadi mwisho wa wiki ya 2: kata tyubu ya baiskeli urefu wa mita moja na nusu, ifunge kwenye mguu wa kitanda, uvute wayo nje, ndani, juu na chini, seti 3 za mara 15 kila upande. Upande wa nje ndio muhimu, kwa kuwa misuli yake ndiyo inayozuia kifundo kisipinduke. Inuka kwa ncha za vidole kwa miguu yote miwili, seti 3 za 15. Simama kwa mguu mbovu sekunde 30, mara 5. Ukiweza kwa urahisi, funga macho. Ukiweza hilo nalo, simama juu ya mto wa kulalia.

Wiki ya 3 hadi ya 6: kuinuka kwa mguu mmoja, kurukaruka kwa mguu mmoja mbele na pembeni, mbio za namba nane kuzunguka chupa mbili zilizoachana mita 5, kwanza polepole. Ukiishi Isamilo, Mabatini au Bugando, mlima wa kwenu ni kifaa, ila kushuka kunaumiza kifundo kuliko kupanda. Anza kwa kupanda.

Tatizo liko hapa: maumivu huisha wiki ya 2 au ya 3, na watu huacha. Nchini Uholanzi wanamichezo 522 waliokwisha kutibiwa enka walifuatiliwa. Nusu walipewa mazoezi ya mizani nyumbani, mara 3 kwa wiki, dakika zisizozidi 30, kwa wiki 8. Katika mwaka mmoja asilimia 22 ya hao waliteguka tena, dhidi ya asilimia 33 ya wengine. Wote walikuwa wamepona kwa macho. Fungeni kifundo kwa kifunga enka au bendeji kwenye mechi na mazoezi kwa miezi 6 hadi 12. Hakidhoofishi mguu kama inavyodaiwa.

Kabla ya kurudi, pima mara tatu. Weka vidole mbele ya ukuta, gusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino, sogeza mguu nyuma mpaka ushindwe, pima umbali kwa futikamba ya fundi cherehani. Tofauti na mguu mzima isizidi sentimita 2. Inuka kwa mguu mmoja mara 25. Ruka mara tatu mfululizo kwa mguu mmoja, na umbali ufike angalau asilimia 90 ya mguu mzima.

Kurudisha nyuma ya paja

Mwaka 2017 utafiti wa Denmark uliwagawa wanamichezo 50 waliochanika misuli ya paja na shavu la mguu: wengine wakaanza mazoezi siku ya 2, wengine siku ya 9. Walioanza mapema walirudi baada ya siku 62.5, waliochelewa siku 83. Kwa kupumzika wiki moja tu zaidi mwanzoni, mtu alipoteza siku 20. Mazoezi hayo yalianza taratibu mno, ndiyo siri yake.

Carl Askling wa Sweden alitengeneza mazoezi matatu yanayofanya kazi msuli ukiwa mrefu. La kwanza: lala chali, shika paja la mguu mbovu kwa mikono, liwe wima, nyoosha goti polepole mpaka kabla tu ya maumivu; seti 3 za mara 12, asubuhi na jioni kila siku. La pili: simama kwa mguu mbovu, inama mbele mikono imenyooka kama mtu anayetaka kupiga mbizi, mguu mwingine nyuma, seti 3 za 6, kila siku ya pili. La tatu linahitaji sakafu ya saruji iliyosuguliwa na soksi mguu mmoja. Shika kiti, weka uzito wote kwenye kisigino cha mguu mbovu kilicho mbele, teleza mguu mwingine nyuma kadiri uwezavyo, rudi kwa kujivuta kwa mikono. Seti 3 za 4, kila siku ya tatu. Mzigo mkubwa unakuja mara chache kwa sababu msuli unahitaji siku za kujijenga. Katika utafiti wake wa wachezaji 75, waliofanya haya walirudi kwa wastani wa siku 28. Wa mazoezi ya kawaida siku 51.

Mbio zianze mtu akitembea haraka bila maumivu. Pima mita 60: 20 za kuongeza kasi, 20 za kushikilia, 20 za kupunguza. Anza kwa nusu ya kasi, mara 6, kila siku ya pili, na ongeza sehemu ya kumi kila mara bila maumivu. Usiruke hatua ya asilimia 90. Kati ya 90 na 100 ndipo mzigo wa nyuma ya paja unapoongezeka ghafla, na ndiko wanakochanika upya walioridhika na mbio za kawaida.

Goti

Kama lilipiga sauti ya kupasuka, likavimba ndani ya saa 2 na baadaye linaachia mtu akigeuka, ukano ulio katikati ya goti (ACL) huenda umekatika. Uvimbe utashuka, mchezaji atatembea vizuri baada ya wiki 3 na kuomba namba. Mpelekeni kwa daktari wa mifupa. Aliyefanyiwa upasuaji asirudi kwenye soka kabla ya miezi 9: utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kila mwezi wa kusubiri, mpaka wa 9, unapunguza kuumia tena kwa karibu nusu.

Kati ya mechi na mechi

Ndondo huwa na mechi kila siku ya pili, na watu hukimbilia ziwani kupoza miguu. Usiende. Maji ya Ziwa Viktoria yako kwenye nyuzi 24 hadi 26, si baridi kiasi cha kusaidia misuli, na kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu kuna konokono wa kichocho ambao vimelea vyao hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kama mna mechi kesho, tafuteni pipa: lita 100 za maji ya bomba na kilo 10 hivi za barafu hushuka hadi nyuzi 15. Kaa mpaka kiunoni dakika 10 hadi 15. Lisiwe zoea la kila siku, maana baridi baada ya mazoezi ya nguvu hupunguza ukuaji wa misuli.

Usingizi unasaidia kuliko pipa. Vijana wanaolala chini ya saa 8 waliumia mara 1.7 ya wanaolala zaidi, katika utafiti wa wanafunzi wa Marekani mwaka 2014. Chakula cha aliyeumia kisipunguzwe: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na hapa kwetu hilo si kazi ngumu, zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini.

Siku ya kurudi

Kwa nyuma ya paja, jaribio la mwisho ni la Askling. Lala chali, mguu mwingine ukiwa umefungwa au umekaliwa na mwenzako, goti la mguu uliokuwa mbovu limenyooka, utupe juu kwa kasi yote uliyonayo, mara 3. Akisita, au akisema anaogopa kidogo, bado. Woga huo unatangulia maumivu, na unahesabika. Arudi hatua moja nyuma kwenye mbio, si mwanzo, na arudie jaribio baada ya siku 3 hadi 5.

Akifaulu, afanye mazoezi kamili 3 na wenzake, zikiwemo mbio za kasi yote, kabla ya mechi. Mechi ya kwanza dakika 30, ya pili 60. Wiki 2 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kuchanika tena, na Nordic inaanza upya kwenye wiki ya 1 ya orodha ile, mara 5, seti 2. Siku hiyo ndipo kaunta buku linapojazwa mstari wa mwisho.